Msomi wa sheria akiingia siasa: Sheria itamfunga nani?

Hapa Mwanza, ukikaa barazani baada ya swala ya Isha, iwe Kirumba, Mabatini au Igoma, hukosi kusikia habari ya kijana wa Kiislamu aliyemaliza shahada ya sheria na ambaye sasa anatajwatajwa kugombea udiwani au ubunge. Wazee hugawanyika hapo hapo. Kundi moja husema, Alhamdulillah, tumepata wa kwetu wa kutusemea. Kundi la pili husema siasa ni mchezo mchafu, kijana huyo atapotea, heri abaki na uwakili wake atafute riziki ya halali.

Nimewasikiliza wote na naona kila kundi lina sehemu ya haki. Lakini makundi yote mawili yanaruka swali lililo zito zaidi. La kwanza linauliza: huyu ni wa kwetu? La pili linauliza: huyu atachafuka? Swali ambalo kijana huyo ataulizwa mbele ya Mola wake, na sisi tuliompigia kura tutaulizwa pamoja naye, ni hili: mtu anayeijua sheria akishika madaraka, sheria ile itamfunga nani? Itawafunga wengine tu, au itamfunga na yeye na watu wake?

Ili tusizungumze hewani, nitachukua mfano wa mtu tunayemfahamu sote, aliyetoka huku huku kwetu kandokando ya Ziwa Victoria. Si Muislamu, na katika jambo moja kubwa tulilolitaka sisi Waislamu hakutupa. Kwa sababu hiyo hasa ndiyo nimemchagua. Kumsifu mtu wa upande wako ni kazi nyepesi. Uadilifu hupimwa pale unapomzungumzia mtu ambaye nafsi yako ina kinyongo naye. Katika aya ya 8 ya Suratul Maidah, Mwenyezi Mungu anatukataza tusiache chuki yetu kwa watu fulani ikatutoa kwenye uadilifu. Leo tujaribu kuifanyia kazi aya hiyo.

Mwanasheria kutoka Bunda

Ukitoka Mwanza kwa barabara ya Musoma unapita Magu, unapita Lamadi, unalipita geti la Ndabaka la hifadhi ya Serengeti, kisha unaingia Bunda. Huko ndiko kwao Joseph Sinde Warioba, aliyezaliwa mwaka 1940. Alisoma sheria Dar es Salaam katika Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki na akamaliza mwaka 1966. Kitivo kile cha sheria kilikuwa kimefunguliwa mwaka 1961 kwa wanafunzi 14 tu, katika jengo la TANU. Kwa maana hiyo Warioba ni katika kizazi cha mwanzo kabisa cha wanasheria waliosomea hapa hapa nyumbani, wakati nchi ilikuwa na kiu kubwa ya watu wa namna hiyo.

Alianza kama mwanasheria wa serikali, akawa mwanasheria wa jiji la Dar es Salaam, kisha akaongoza masuala ya sheria katika Wizara ya Mambo ya Nje. Mwaka 1976 akawa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, akishika nafasi iliyoachwa na Mark Bomani. Baada ya hapo akawa Waziri wa Sheria. Mwaka 1985, Mzee Ali Hassan Mwinyi alipoingia Ikulu, Warioba akawa Waziri Mkuu na Makamu wa Kwanza wa Rais, na akakaa hapo hadi mwaka 1990. Jina la "Jaji" tunalomwita alilipata baadaye, alipokuwa jaji wa Mahakama ya Kimataifa ya Sheria ya Bahari kule Hamburg, Ujerumani, kuanzia mwaka 1996 hadi 1999.

Hiyo ni ngazi ndefu kwa mtoto wa Bunda. Lakini urefu wa ngazi hautuambii kitu kuhusu uadilifu wa aliyeipanda. Firauni naye alikuwa juu. Tunachotaka kujua ni namna mtu huyo alivyoitumia elimu yake ya sheria katika kila kipandio.

Sheria haiandikwi na askari

Kuna jambo ambalo watu wetu wengi hawalipi uzito. Wakitaja dhulma humtaja askari, rungu na pingu. Lakini askari hatungi sheria. Karatasi inayomtuma askari huandikwa na mtu aliyesoma, aliyekaa kwenye kiti, mwenye kalamu nzuri. Jumuiya ya Waislamu wa Afrika Mashariki, EAMWS, ilipopigwa marufuku mwaka 1968, haikuhitaji vita. Lilitosha tangazo la serikali. Kila tangazo la namna hiyo, duniani kote, lina mwanasheria aliyelisoma na kusema kwamba maneno yake yamekaa sawa.

Tume ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, iliyofungua njia ya vyama vingi, ilitaja sheria 40 kuwa ni za kukandamiza na kutaka zifutwe au zirekebishwe. Sheria 40! Hazikushuka kutoka mbinguni. Zipo zilizorithiwa kutoka kwa wakoloni, na zipo tulizojitungia wenyewe baada ya uhuru. Wasomi wa sheria walizikuta, wakazilinda, wakaongeza nyingine.

Warioba hawezi kutengwa na historia hiyo. Ilipotungwa Katiba ya mwaka 1977, iliyompa Rais madaraka makubwa mno, yeye ndiye alikuwa Mwanasheria Mkuu. Ilipopitishwa sheria ya uhujumu uchumi ya mwaka 1983, iliyowapeleka watu mbele ya baraza maalumu bila kuruhusiwa mawakili, yeye alikuwa ndani ya serikali hiyo. Sheria ile ilibadilishwa mwaka uliofuata. Kwa upande mwingine, mwaka 1984, akiwa Waziri wa Sheria, ndipo haki za binadamu zilipoingizwa ndani ya Katiba ya nchi, ikiwemo haki ya mtu kuabudu kwa mujibu wa dini yake. Haki hiyo sisi Waislamu tumeitaja mara nyingi mahakamani na majukwaani.

Angalia basi: ofisi zile zile, taaluma ile ile, miaka inayofuatana. Upande mmoja sheria ya kumnyima mshitakiwa wakili, upande wa pili haki za binadamu ndani ya Katiba. Hapa tunajifunza kwamba elimu ya sheria ni kama kisu cha jikoni. Mama anakatia samaki, na mhalifu anamchomea mtu. Kisu hakina dhambi wala thawabu. Anayekishika ndiye mwenye hesabu.

Nyavu zinazoungua mwaloni

Kwa sisi watu wa Ziwa jambo hili halihitaji vitabu. Sheria ya Uvuvi Namba 22 ya mwaka 2003 ina makusudio mema. Hakuna mtu mwenye akili anayetaka sangara wadogo wamalizwe, au mazalia ya samaki yakwanguliwe kwa makokoro. Lakini ilipokuja ile operesheni ya mwaka 2018, nyavu zilichomwa moto katika mialo ya Ziwa, na mvuvi mwenye mtumbwi mmoja aliona mtaji wake ukigeuka moshi. Watu wakauliza, na walikuwa na haki ya kuuliza: nyavu za timba mvuvi hazisuki mwenyewe, aliyeziingiza nchini na aliyemuuzia dukani wako wapi?

Sizungumzii kama operesheni ile ilifuata sheria au haikufuata. Nasema kwamba sheria inaweza kuwa sahihi kwenye karatasi na bado uzito wake wote ukamwangukia mnyonge, kwa sababu mnyonge ndiye aliye karibu na mkono. Mbunge aliyesoma sheria anakaa pale pale sheria inapotungwa. Yeye ndiye anayeweza kuona mapema, kabla ya mtu wa Ukerewe kulia, kwamba kifungu hiki kitamkamata mwenye mtumbwi na kumwacha mwenye ghala. Akiona na akanyamaza, elimu yake itakuwa hoja dhidi yake.

Wala tusidhani jambo hili ni la nchi maskini tu. Uswisi ni nchi inayosifiwa dunia nzima kwa demokrasia ya wananchi kupiga kura juu ya sheria zao. Mwezi Novemba mwaka 2009, asilimia 57.5 ya waliopiga kura kule walikubali kupiga marufuku ujenzi wa minara ya misikiti. Serikali yao na Bunge lao walikuwa wamewashauri wananchi wakatae. Waziri wa Sheria wa wakati huo, Eveline Widmer-Schlumpf, mwanasheria kwa taaluma, alikuwa miongoni mwa waliopinga. Kura zikahesabiwa, na yeye yule akalazimika kusimama mbele ya dunia na kueleza kwamba marufuku hiyo sasa imo ndani ya Katiba. Hakuna kura iliyoibwa, utaratibu wote ulifuatwa, na bado Waislamu wachache wa nchi ile walidhulumiwa.

Kwa hiyo uhalali wa kisheria ni kitu kimoja, na uadilifu ni kitu kingine. Mwanasiasa aliyesoma sheria anaishi katikati ya hivyo viwili kila siku.

Njia mbili za maimamu wetu

Suala la msomi wa sheria na serikali halikuanza leo. Katika Uislamu lina historia ndefu, na wakubwa wetu walipita njia tofauti.

Imam Abu Hanifa, Mwenyezi Mungu amrehemu, alitakiwa na Khalifa al-Mansur ashike ukadhi, akakataa. Alifungwa kwa kukataa kwake, na alifariki mwaka 150 Hijria akiwa na msimamo huo huo. Aliogopa kwamba atakayekaa kwenye kiti cha mtawala atatakiwa siku moja ahukumu kwa matamanio ya mtawala. Lakini mwanafunzi wake mkubwa, Abu Yusuf, alikubali. Akawa kadhi mkuu wakati wa Harun al-Rashid, na akaandika kitabu juu ya kodi na mali ya umma ambamo alimkumbusha Khalifa kwamba raia ni amana na kwamba ataulizwa juu yao.

Nani alikuwa sahihi? Umma haukumlaumu yeyote kati yao. Aliyekataa aliihifadhi dini yake na akatuachia mfano wa kutonunulika. Aliyekubali aliitumia nafasi yake kumwambia mkubwa neno ambalo wengine hawakuweza kulifikisha. Kwa hiyo wazee wanaosema siasa ni chafu wana Abu Hanifa upande wao, na wanaosema aende wana Abu Yusuf. Lakini ili umfuate Abu Yusuf ni lazima uwe tayari kusema alichokisema Abu Yusuf. Kukubali kiti kisha ukanyamaza si njia ya yeyote kati yao.

Na iko hadithi ambayo kila wakili Muislamu angeitundika ofisini kwake. Imepokewa na Bi Ummu Salama, na iko kwa Bukhari na Muslim. Mtume, rehma na amani zimshukie, alieleza kwamba watu huja kwake kushitakiana, na huenda mmoja akawa hodari wa kueleza hoja zaidi ya mwenzake, naye akahukumu kwa kadiri alivyosikia. Basi atakayepewa haki ya ndugu yake kwa njia hiyo, ajue kwamba amekatiwa kipande cha moto. Tafakari, ndugu msomaji. Hukumu ya Mtume mwenyewe haikuweza kuigeuza haramu kuwa halali kwa mtu anayejua kwamba ameshinda kwa ulimi. Sembuse kura za Bunge?

Aliposhindwa nyumbani

Turudi Bunda. Mwaka 1995, katika uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi baada ya mageuzi, Warioba aligombea ubunge kwa tiketi ya CCM. Fikiria: aliyekuwa Waziri Mkuu, nyumbani kwao, kwa tiketi ya chama tawala. Akashindwa na Stephen Wasira, aliyesimama kwa NCCR-Mageuzi.

Mkubwa akishindwa nyumbani kwake ana njia nyingi. Anaweza kununa, anaweza kuwatumia vijana, anaweza kupiga simu kwa wenzake walioko juu. Warioba alifungua kesi. Akasimama mahakamani kama raia mwingine mwenye malalamiko, na upande wa pili ukajibu. Mahakama ikatengua ushindi ule. Wapo waliofurahi na wapo waliochukia, na Wasira mwenyewe baadaye alirudi CCM. Sina haja ya kuirudia kesi hiyo hapa. Ninachokichukua ni njia. Mtu aliyewahi kuwa juu ya mawaziri wote alikubali kupanga foleni ya mahakama, akijua kwamba huko anaweza pia kushindwa.

Mwaka 1996 Rais Mkapa alimkabidhi kuongoza tume ya kuchunguza rushwa. Ripoti yake ilitofautisha rushwa ndogo ya mtu anayetafuta cha kula na rushwa kubwa ya wenye vyeo wanaotafuta utajiri. Hapo tena unauona ule ule mzani tuliouona mwaloni: mwenye mtumbwi na mwenye ghala. Kuandika kwamba wakubwa nao ni wala rushwa, wakati wakubwa hao ni wenzako wa chama kimoja na serikali moja, si jambo jepesi.

Aliyesema hapana na aliyesema ndiyo

Sasa nafika kwenye jambo lenye uchungu kwetu.

Mwezi Aprili mwaka 2012 Rais Kikwete alimteua Warioba kuwa mwenyekiti wa Tume ya Mabadiliko ya Katiba. Waislamu wengi, Mwanza na kwingineko, walijitokeza kutoa maoni, na kilio chao kikubwa kilikuwa Mahakama ya Kadhi. Mahakama hizo ziliondolewa Tanzania Bara mwaka 1963, wakati Zanzibar zilibaki. Kenya waliziweka wazi katika Katiba yao ya mwaka 2010. Na chama tawala kwa kalamu yake chenyewe kiliandika katika ilani ya mwaka 2005 kwamba kitalitafutia ufumbuzi suala hilo.

Rasimu ikatoka mwezi Juni 2013, na ya pili ikakabidhiwa tarehe 30 Desemba mwaka huo. Mahakama ya Kadhi haikuwemo. Watu wetu walikasirika, na mimi ni katika waliosikitika. Misikitini yalisemwa mengi.

Lakini tutazame hoja yenyewe. Rasimu ile ilikuwa ni ya Muungano wa serikali tatu. Mambo ya Muungano yalipunguzwa hadi kubaki saba. Mambo ya ndani ya Tanganyika, zikiwemo mahakama zake za chini, yangeingia kwenye Katiba ya Tanganyika. Kwa mpangilio huo, mlango wa Mahakama ya Kadhi ulikuwa kwenye chumba kingine. Unaweza kuipinga hoja hiyo. Mimi binafsi naona jambo ambalo waliolidai ni wengi kiasi kile lilistahili walau kuwekewa ahadi. Lakini ni hoja, imesemwa hadharani, na mtu yeyote anaweza kuipima.

Na tuangalie pia hoja hiyo ilimgharimu nini msemaji wake. Msimamo wa CCM, chama chake mwenyewe, ulikuwa serikali mbili. Kwa takwimu za Tume, waliozungumzia muundo wa Muungano upande wa Bara, asilimia 61 walitaka serikali tatu, na upande wa Zanzibar asilimia 60 walitaka Muungano wa mkataba. Warioba aliyasimamisha maoni hayo mbele ya Bunge Maalum mjini Dodoma, tarehe 18 Machi 2014, huku akijua ukumbi umejaa watu wa chama chake wasiotaka kuyasikia. Rasimu yake ilitaka pia mawaziri wasiwe wabunge. Yeye mwenyewe aliwahi kuwa vyote viwili. Tarehe 2 Novemba mwaka huo, katika mdahalo pale Ubungo Plaza Dar es Salaam, vurugu zilizuka akiwa jukwaani, na mzee wa miaka 74 akalazimika kutolewa ukumbini chini ya ulinzi.

Linganisha na upande wa pili. Lile Bunge Maalum lililoifumua rasimu yake na kupitisha Katiba Inayopendekezwa, tarehe 2 Oktoba 2014, halikuweka Mahakama ya Kadhi pia. Waislamu walitulizwa kwa ahadi kwamba serikali italeta muswada Bungeni mwanzoni mwa mwaka 2015. Muswada ukaletwa, ukapigiwa kelele, ukaondolewa. Kura ya maoni iliyopangwa tarehe 30 Aprili 2015 nayo ikaahirishwa.

Sasa nakuuliza, ndugu yangu Muislamu: kati ya aliyetuambia hapana kwa hoja, na aliyetuambia ndiyo kisha akaukunja muswada, nani aliyetuheshimu zaidi? Sisi tumezoea kumpenda anayetuambia ndiyo. Ndiyo ya siku ya kampeni, ndiyo ya siku ya futari, ndiyo ya kuvaa kanzu na kofia. Mwanasheria mwadilifu wakati mwingine atakuletea hapana. Kama tunamchukia kwa sababu hiyo tu, basi tunatafuta wakala wa matamanio yetu, na hatutafuti kiongozi.

Mwenzetu mmoja alilipa

Asije mtu akasema namsifu asiyekuwa Muislamu kana kwamba kwetu hakuna. Katika Bunge Maalum lile lile alikuwemo Othman Masoud Othman, Mwanasheria Mkuu wa Zanzibar. Yeye alikuwa mteule wa Rais, na alijua serikali yake inataka kura gani. Akapiga kura ya wazi, na ibara kadhaa akazipigia hapana. Mwezi huo huo wa Oktoba 2014 akaondolewa kwenye nafasi yake.

Alirudi nyumbani bila cheo. Miaka mingi ikapita. Maalim Seif alipofariki mwezi Februari 2021, Othman Masoud ndiye aliyeteuliwa kushika nafasi yake ya Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, mwezi uliofuata. Simtaji kwa ajili ya cheo hicho, kwani mwaka 2014 hakuwa na njia ya kujua kwamba kitakuja. Namtaja kwa ajili ya ile siku ya kura, ambapo kilichokuwa mbele yake ni hasara tupu.

Msiba wa kusema umechelewa

Najua lipo pingamizi, na ni zito. Watasema: Warioba alipokuwa Waziri Mkuu, kwa nini hakuyasema haya ya kupunguza madaraka ya Rais? Mbona wakubwa wetu hupata ulimi wakishatoka madarakani?

Pingamizi hili ni la haki na silikwepi. Miaka ile ya chama kimoja alikuwa na kiti, na mfumo haukubadilika kwa mkono wake. Katika mizani ya uadilifu, neno lililosemwa ukiwa na cha kupoteza lina uzito kuliko lile lililosemwa ukiwa umestaafu. Kijana anayetaka kuingia siasa leo asijifariji kwamba atanyamaza sasa, atasema uzeeni. Nani amempa dhamana ya kuufikia uzee?

Lakini haki inatutaka pia tuseme kwamba uenyekiti wa Tume ulikuwa kiti cha kweli, alichopewa na mwenyekiti wa chama chake, na hapo hakuchelewa. Angeweza kuandika rasimu ya kuwafurahisha waliomtuma, akapongezwa. Mtu hupimwa kwa mwenendo wake wote, na mlango wa kuwa bora kuliko jana haujafungwa kwa yeyote.

Maswali matatu kwa kijana wetu

Basi nawarudia wazee wangu wa barazani. Kijana wa sheria akija kuomba dua na kura, msimuulize tu anaswali msikiti gani. Muulizeni haya.

La kwanza: tutajie siku uliyomwambia mteja wako, au mkubwa wako wa kazi, kwamba jambo hili linawezekana kisheria lakini ni dhulma, na hutalifanya. Kama hana siku hiyo katika uwakili, ataipata wapi Bungeni?

La pili: ukishindwa uchaguzi kwa haki, utakubali? Na ukishinda kwa hila walizozifanya watu wako, utazikataa? Aya ya 135 ya Suratun Nisaa inatutaka tusimamishe uadilifu hata kama ni juu ya nafsi zetu, wazazi wetu na jamaa zetu. Hapo ndipo wengi hukwama.

La tatu: sisi waliokuchagua tukikutaka utuletee jambo lisilo haki kwa wengine, utatuambia hapana? Asiyeweza kutuambia sisi hapana, hataweza kuwaambia wakubwa.

Na sisi tuna swali letu. Abu Dharr, Mwenyezi Mungu amridhie, aliomba apewe uongozi, na Mtume, rehma na amani zimshukie, akamtahadharisha kwamba ni amana, na Siku ya Kiyama itakuwa hizaya na majuto isipokuwa kwa aliyeichukua kwa haki yake na akatekeleza yaliyo juu yake. Aliyekuwa anatahadharishwa ni Abu Dharr, mkweli na mcha Mungu. Vipi leo tunamsukuma kijana wa miaka thelathini kwenye amana hiyo kwa shangwe na matarumbeta, na tukishampa kura tunamgeukia kwa kuomba fulana, ada na nauli? Tukimtoza mbunge wetu mali kila siku, tunategemea aitoe wapi?

Watoto wetu na wasome sheria, wavulana na wasichana. Mikoa hii ya Ziwa ina mahitaji makubwa ya mawakili wanaoogopa Mungu: kwenye mirathi ya mjane, kwenye kiwanja cha yatima, kwenye nyavu za mvuvi. Wakitaka kuingia siasa, wasizuiwe. Lakini waingie wakijua kwamba kila kifungu watakachokiandika kitawasubiri wao kwanza, na kwamba iko mahakama ambayo wakili hodari hatasaidia kitu.

Wabillahi tawfiq.